Nimepitishwa kamera tumboni, shikamoo ikaniponza

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Mimi ni mkulima wa karoti na kabichi huku Magamba, juu ya Lushoto. Nina wajukuu wanne.

Miezi mitatu tumbo la juu lilikuwa linawaka. Kaka yangu alianza hivyo hivyo, ikawa saratani, tukamzika. Kwa hiyo niliogopa, sifichi.

Dokta akasema tuchungulie kwa kamera. Unakwenda hospitali asubuhi, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Sharti lake usile wala usinywe tangu usiku. Hata chai! Na baridi hii ya kwetu!

Basi nikasaini fomu, nikatoa meno ya bandia (mawili tu, msicheke). Wakanipulizia dawa chungu, koo likafa ganzi. Nikalala ubavu wa kushoto, nikauma kidude cha plastiki chenye tundu. Mpira mweusi wenye kamera nchani, mwembamba kama kidole cha mwisho, ukapita humo.

"Meza, babu. Vuta pumzi kwa pua," dokta akaniambia.

Kichefuchefu kipo, maumivu hakuna. Macho yangu yote kwenye skrini. Wakuu, tumbo langu mwenyewe! La pinki, limelowa, linacheza. Nilitamani kuuliza maswali mia.

Mara akaingia nesi mwanafunzi, binti mdogo. "Shikamoo babu."

Mimi nimelelewa kwamba shikamoo haiachwi hewani. Nikajaribu kuitikia na mpira kooni. Nikakabwa, mate na machozi vikatoka, nikaruka kitandani.

"Babu, usiongee! Marahaba baadaye!" Dokta huyo. Binti akatoka mbio.

Wakanyofoa vipande viwili vidogo vya nyama ya tumbo vikapimwe maabara, wala sikusikia. Kama dakika kumi hivi, kwisha. Maji nilikunywa ganzi ilipoisha.

Jana nikafuata majibu. Saratani hakuna. Ni kidonda na bakteria, nimepewa dawa.

Kwenye korido nikamkuta yule binti. Akainamisha kichwa, anaogopa kunisalimia.

"Marahaba, mjukuu wangu," nikamwambia. "Ile ya siku ile."

Akacheka. Mimi nikalia pale pale, maana kaka tulimpa mitishamba tu mpaka mwisho, hakuna aliyemchungulia.

Tumbo likikusumbua muda mrefu, nenda ukapimwe. Mpira huo unatisha ukiusikia, lakini unavumilika.

Mliowahi kupima, ninyi ilikuwaje? Na vijana mwageni shikamoo zenu hapa, leo koo ni zima, naitikia zote.