Mwizi wa Jogoo wa Mzee Khalfani

Editha Ngonyani, fundi cherehani wa Mtoni, Temeke, akishakaa mahali kakaa. Alhamisi ile alipokaa kwenye kiti cha ofisi ya wachapishaji kule Mikocheni, mhariri Riaz Remtulla alidhani ni maongezi ya dakika tano. Saa nane mchana mama wa watu bado yupo, pochi mapajani, na Riaz hajala.

Ishu yenyewe ilikuwa hii. Editha alisikia redioni kwamba shajara ya marehemu Mzee Khalfani, mwandishi wa hadithi, inatolewa kitabu. Akafunga kibanda chake, akaja mbio. Baba yake, Leonardi, alikuwa seremala, na alizoeana sana na mwandishi huyo miaka ya sabini. Alifariki Editha akiwa na miaka tisa, hakuacha hata picha moja. Kwa hiyo binti alitaka kuliona jina la baba yake limeandikwa mahali, basi.

Akaliona. "Leonardi mwizi kaja leo. Kabeba jogoo." Ukurasa mwingine kabeba mwavuli. Na chini, kwa herufi ndogo, Riaz alikuwa ameweka maelezo yake mwenyewe: "Leonardi: mwizi wa mtaani, hajulikani zaidi."

Editha aliyasoma mara tatu, machozi ya hasira yakimlenga.

"Baba yangu hakuwa mwizi," alisema. "Alikuwa Mngoni."

Riaz aliweka kalamu chini.

"Mzee Khalfani alikuwa Myao. Wayao na Wangoni ni watani, kaka yangu. Mababu walipigana, wajukuu tukabaki kutukanana. Mtani akiingia kwako anabeba anachotaka, na wewe huna la kusema. Ulitaka aandike nini, mgeni rasmi kaondoka na jogoo?"

"Utani naujua, mama. Ila hapa hakuandika mtani, hakuandika Mngoni, wala jina la pili. Mji huu una akina Leonardi wangapi? Jumatatu kitabu kinaingia mtamboni. Niletee mtu au kitu."

"Mjane wake yupo?"

"Bi Somoe? Yupo Pugu. Nilimpigia simu nikamuuliza Leonardi ni nani. Akasema, 'Yule? Mwizi mkubwa,' akakata."

Hapo Editha alicheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Twende kwake," alisema, na hakuinuka kitini mpaka Riaz alipokubali kumpeleka Jumamosi kwa gari lake.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia. Siku ya msiba wa baba yake, mwanaume mmoja mrefu alivaa kofia ya marehemu, akaanza kuchechemea uwanjani kwa mwendo uleule wa Leonardi, na waombolezaji wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mtoto Editha alilia. Yule bwana akaondoka na kofia kichwani. Ukubwani aliambiwa kwamba huyo ndiye Mzee Khalfani, na kwamba hiyo ndiyo kazi ya watani msibani. Sawa, akaelewa. Kumsamehe hakumsamehe.

Pugu walimkuta Bi Somoe barazani, anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wa nani wewe?"

"Wa Leonardi Ngonyani, seremala. Wangoni wa Temeke."

Bibi aliusogeza ungo nyuma ya mgongo wake. "Riaz, baba, shika viatu vyako mkononi. Hawa wakiingia tunatoka peku. Baba yake kanimalizia kuku, na huyu kafuata mchele."

"Nimefuata watumwa wetu," Editha alijibu, asijue maneno yametokea wapi. "Tumewaacha muda mrefu, mmeanza kujiona."

Bibi alicheka, akalia kidogo, kisha akamtuma Riaz ashushe boksi juu ya kabati.

Ndani mlikuwa na kofia ya kijivu. Kwenye utepe wa ndani, kwa wino uliofifia: L. Ngonyani, Temeke.

"Baada ya siku ile Khalfani hakuivaa tena," alisema bibi. "Na hakutaka mtu aiguse."

Riaz aliuliza Leonardi alizikwa lini. Editha akamtajia: Machi kumi na tano, themanini na moja. Riaz akafungua karatasi zake za shajara, akapekua mpaka tarehe hiyo. Kisha akasoma kwa sauti.

"Nimemzika mwizi wangu leo. Nimechekesha watu kama inavyotakiwa. Binti yake alinitazama kwa chuki, nami sikuweza kumweleza. Nimerudi nyumbani nimeacha banda la kuku wazi."

Hasira ya miaka arobaini na kitu ilimtoka Editha palepale barazani, akabaki na huzuni tupu.

Riaz alifuta maelezo yake kwa kalamu, akaandika mengine: "Leonardi Ngonyani, seremala wa Temeke, mtani wa mwandishi."

"Niongeze na rafiki?"

"Ya nini? Ukishasema mtani umemaliza." Kisha Editha akamgeukia bibi. "Kofia naomba."

"Sikupi. Tangu lini Mngoni akapewa kitu?"

Bi Somoe akawapa mgongo, akatazama ukutani, akaendelea kupepeta mchele wake polepole.

Editha alimtazama, akaelewa. Aliichukua kofia, akaivaa juu ya kilemba, akavuka uwanja akichechemea mwendo wa baba yake. Bibi alisubiri afike getini kwanza, ndipo akapaza sauti majirani wasikie kwamba yule mwizi karudi.