Folo-apu ya Leonidas

Leonidas, mwenyekiti wetu wa kijiji, alikwenda semina mjini Sumbawanga, akarudi na begi la bure na neno moja: folo-apu. Tangu hapo kijijini kwetu hakuna kinachofuatiliwa tena. Ukimuuliza bomba la maji limefikia wapi, anajibu, "Tunalifolo-apu." Mbuzi akipotea, naye anafolo-apiwa. Hata padri alipoulizia mabati ya kanisa la kigango, Leonidas alivuta koti lake akasema folo-apu inaendelea.

Nilimuuliza mwalimu Asnath maana yake. Akasema Waingereza hulitumia kwa mtu anayerudi kwenye jambo alilolianza mpaka aujue mwisho wake. Nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Kumbe kwa wenyewe lina kazi!

Kicheko hakikudumu. Adriano, mtoto wa kaka yangu, alitaka kumuoa Cornelia wa Chala, na kaka kwa kupenda maneno makubwa akamfanya Leonidas mshenga. Kwetu mshenga hupeleka jembe jipya, huliacha, kisha hurudi mwenyewe kusikia jibu. Asiporudi, wenye binti huelewa mmeghairi. Leonidas jembe alilipeleka. Kurudi, ng'o!

"Dada Otilia, tulia," aliniambia mavuno yalipoanza. "Nimewatumia meseji. Tunafolo-apu."

"Posa na meseji wapi na wapi? Panda basi, mwanaume wewe!"

Hakupanda. Adriano alikuwa anafyatua matofali ya nyumba huku anaimba, na mimi kila nikimsikia roho inaniuma. Nilipochoka nikapanda mwenyewe basi la Namanyere, nikashuka Chala. Nikakuta ngoma na pombe ya ulezi. Mzee Rafaeli, baba wa binti, alinipokea kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyonichoma.

"Jembe tulilipokea," akasema. "Tukachinja kuku, tukawangoja. Tukachinja tena. Mkajinyamazia. Hawa watu wa Namanyere wanaomuoa leo walikuja wenyewe, wakarudi wenyewe."

Nikaomba nimwone binti. Ningemwambiaje mzee kwamba mshenga wetu alikuwa anatuma meseji?

Cornelia alikuwa chumbani na wanawake, amefunikwa kanga. Aliponiona akanishika mkono.

"Shikamoo, shangazi. Adriano hajambo?"

"Marahaba. Anajenga," nikasema.

"Mimi nilikuwa nimekubali," akanong'ona, akaanza kulia. Wanawake wakapiga vigelegele, wakamsifu kwamba binti aliyelelewa vizuri hulia hivyo anapowaacha wazazi wake.