Ruhusa ya Kuweka Alama ya Kutoa

Binti yake alinipigia simu asubuhi, nikiwa sokoni Korogwe nachagua nyanya. "Shikamoo mwalimu. Mama ametuacha." Nikaitikia marahaba kwa mazoea, kabla maneno ya pili hayajaniingia. Nikamwomba arudie. Akarudia, kisha akaangua kilio. Presha ilimpanda ghafla, wakamkimbiza hospitali, hakurudi. Wasomaji wangu wa siku zote wanajua kwamba nilifundisha Hesabu kabla ya kuhamia kwenye kalamu, na kwamba hadi leo Jumamosi nakwenda Handeni, mtaa wa Chanika, kuwafundisha wanaorudia mtihani wa kidato cha nne. Marehemu alikuwa mmoja wao. Aliuza mahindi ya kuchoma na mihogo kwa abiria wa mabasi pale Mkata, na umri alikuwa amenizidi.

Alichokitaka ni kimoja tu, kufundisha chekechea. Kwa hamu hiyo alisoma sekondari ukubwani, akafanya mtihani, masomo mengine akafaulu, Hesabu ikamkatalia. Chuo kikamwambia alete Hesabu kwanza. Wenzake barabarani walipojua ameshindwa wakambandika jina, Bibi Shule, wakalitamka kila basi liliposimama. Ndipo akaanza kuficha. Aliporudia mara ya pili, watu wa kwao waliambiwa anakwenda Handeni kutafuta wateja. Aliyejua ukweli ni binti yake peke yake. Nami nilijua, kwa sababu alikaa benchi la mbele kabisa, kanga kaitandaza magotini, akiniuliza maswali ambayo vijana wa nyuma waliona aibu kuyauliza.

Mada iliyomtesa ni ile ya kuondoa kipeuo kwenye asili, yaani ile namba ya chini ya sehemu. Ukiwa na moja juu na kipeuo cha pili cha mbili chini, unazidisha juu na chini kwa kipeuo hichohicho, chini inabaki mbili tupu. Hapo hakusumbuka. Shida ilikuja pale chini palipokuwa na vitu viwili, mfano 3 + √2. Kila mara alizidisha kwa 3 + √2 ileile, na kila mara kipeuo kilimrudia chini, kikubwa kuliko kilivyokuwa. Nilimwambia azidishe kwa 3 − √2. Akatikisa kichwa. Jumamosi iliyofuata akafanya vilevile, na nyingine tena, mpaka nikakasirika. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, swali lenyewe limesema jumlisha. Mimi nitatoa wapi ruhusa ya kuweka alama ya kutoa?" Vijana wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimefundisha mada hiyo miaka mingi na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kinachomkwamisha ni heshima. Nikakaa naye. Nikamwonyesha kwamba kitu kikigawanywa kwa kitu hichohicho ni moja, na ukizidisha kwa moja hujamwibia mtu wala hujabadilisha swali la mwenyewe. Akafanya: tisa toa mbili, saba. Kipeuo chini hakipo. Akaitazama ile saba kwa muda. "Kumbe ruhusa ninayo mwenyewe," akasema, akafuta jasho na upindo wa kanga.

Kuna watu huniuliza faida ya hesabu za namna hii siku hizi, wakati simu ya mkononi inagawanya chochote. Huwa nawajibu kwamba enzi za kugawanya kwa kalamu, kugawanya kwa namba yenye desimali zisizokwisha kulikuwa mateso, na kugawanya kwa saba kulikuwa nafuu. Ni jibu sahihi na sasa naliona dogo. Nafikiria wanawake wangapi kati ya Mkata na Mombo wanaoshika jembe, wanaobeba beseni, wanaolea, huku wakingoja mtu awaambie kwamba wanaruhusiwa. Sisi tunaopita kwenye mabasi tunanunua hindi dirishani, tunadai lililoiva vizuri, tunaondoka. Tumewazoea hivyo na tunadhani ndivyo walivyo.

Mazishi yalifanyika kwao Mkata. Katekista alipomaliza sala, kaka wa marehemu, mzee aliyetoka Korogwe siku hiyo, akasimama kusoma wasifu. Alisoma vizuri, sauti yake nzito. Alipofika kwenye elimu akasema, "Marehemu aliishia darasa la saba, hakubahatika kuendelea, bali Mungu alimjalia mikono ya kazi." Watu wakaitikia kwa kuguna. Binti akanyanyuka kutoka kwenye mkeka.

"Mjomba, samahani. Hapo siyo."

"Siyo nini, mwanangu?"

"Mama kamaliza kidato cha nne. Amebakiza Hesabu. Mtihani ni Novemba, ameshajiandikisha."

Mzee akaitazama karatasi, akamtazama binti, kisha akanitafuta mimi kwa macho, maana nilikuwa mgeni pekee mwenye sura ya ualimu. Nikaitikia kwa kichwa. "Mbona hakuniambia?" mzee akauliza, wala hakuwa akimwuliza yeyote. Wale wanawake wa mahindi, waliombandika jina lile, wakajifunika nyuso. Mzee akajaribu kuendelea na mstari uliofuata, akashindwa, akampa binti karatasi amalizie.

Nimesikia waombolezaji wakisema amepumzika. Mimi siwezi kusema hivyo. Hakuwa amechoka. Novemba msimamizi atapita kwenye chumba cha mtihani, atafika kwenye dawati lenye namba yake, ataandika kwamba hakuhudhuria, na atasonga mbele. Kama angefaulu sijui. Nilitamani sana kujua, na sitajua kamwe. Ninachoweza kuwaachia wasomaji ni hiki: kama nyumbani kwako au mtaani kwako kuna mtu mzima anayejifunza jambo kwa kujificha, mwendee leo, keti karibu naye, umwulize amefika wapi. Mwache akueleze mwenyewe, kwa sauti yake.