Helikopta Niliyomjengea Baba

Sanduku lilikuja na basi kutoka Mwanza, limezungushiwa selotepu ambayo niliikata kwa wembe. Kaka yangu ndiye aliyelituma. Mtu wa kazini kwake alikuwa amesafiri nje, kaka akamwomba amletee zawadi ya mzee, na huyo mtu akaleta helikopta ya jeshi ya plastiki, ya kuunda mwenyewe. Juu ya kifuniko ilichorwa ikiruka juu ya mchanga, mlango wazi, askari amekaa miguu ikining'inia nje.

Baba alilipakata lile sanduku asubuhi nzima bila kulifungua. Alikuwa fundi wa helikopta jeshini kabla ya kustaafu na kurudi kulima hapa Nyarero. Hakuwahi kuzirusha. Kazi yake ilikuwa kuzifungua, kuzisafisha na kuzifunga tena, miaka yote ya ujana wake. Helikopta ya mgodini ikipita kwenda upande wa Genkuru, alikuwa anainua kidole tunyamaze, anasikiliza, kisha anasema injini iko sawa au haiko sawa. Hakuna aliyejua kama anasema kweli.

Lakini kiharusi kilikuwa kimemwacha na mkono mmoja uliolala na mwingine unaotetemeka. Kijiko cha uji kilifika mdomoni kikiwa nusu. Alipofungua sanduku hatimaye na kuona vipande zaidi ya mia vimeshikana kwenye fremu zake, vingine vidogo kama punje ya ulezi, alifunga kifuniko akaangalia ukuta.

"Mwambie ahsante," alisema.

"Tutaiunda, Tata," nikamwambia. "Wewe utaniambia, mimi nitashika."

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa nimerudi nyumbani mwaka wa pili huo, kutoka Kisaka, nilikokuwa nimeolewa miaka kumi na moja. Sikupata mtoto. Mume akaoa mwingine, na yule mwingine alipojifungua, nikawa mtu wa kupitwa tu koridoni. Nikabeba cherehani yangu nikaondoka. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili yangu walikuwa wamekwisha kumwolea kaka mke siku nyingi, kwa hiyo kurudi kwangu hakukumfurahisha mtu. Mama alikuwa amefariki. Baba alihitaji wa kumwogesha. Nafasi yangu katika nyumba ile ilipatikana hivyo.

Tulianza na viti vya marubani. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na michoro na maandishi ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma. Baba aliitazama, akaisukuma pembeni.

"Huyu aliyechora hajawahi kushika spana."

Akaniambia viti vina mikanda, na kwenye sanduku hakuna mikanda. Nikachukua uzi wa kijani, nikaupaka gundi ukakauka bapa, nikaukata kwa urefu wa ukucha. Vifungo vyake nilivitengeneza kwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Nilivishika kwa kibano cha kung'olea nyusi. Kisha mbele ya viti kuna ubao wa saa na vipimo, nao ulikuwa mweusi mtupu. Baba akanitajia kila saa ilipo na inaonyesha nini. Nikachovya ncha ya sindano kwenye rangi nyeupe, nikaweka nukta moja moja huku nimezuia pumzi. Ile kazi peke yake ilichukua siku nne. Tulipofunga ubavu wa kulia na wa kushoto, vyote hivyo vilijificha ndani, vikabaki kuonekana kidogo tu kupitia kioo.

"Sasa nani ataviona?" nilimuuliza.

"Wewe unajua vipo," alisema.

Tulifanya kazi asubuhi, baada ya kukamua ng'ombe na kabla sijakaa kwenye cherehani. Mezani kwake palikuwa na dirisha linalopokea mwanga mzuri. Pale ubavu ulipokutana na ubavu palibaki ufa, nikaenda Tarime mjini, gereji ya wanyoosha mabodi, nikaomba puti kidogo na msasa wa maji. Vijana wa gereji waliniuliza gari gani. Nikasema dogo. Rangi nilichukua kwa mchora mabango. Mara ya kwanza Baba akasema kijani hicho ni cha basi la shule. Mara ya pili akasema ni cha majani ya migomba. Mara ya tatu nilichanganya mwenyewe uani, kijani, nyeusi na tone la njano, akatazama mfuniko wa chupa niliochanganyia, akasema, "Ndiyo hiyo." Macho yake yalikuwa na maji. Nikajifanya naosha brashi.

Kumbe helikopta haiwi na rangi moja. Alinifundisha kwamba mahali fundi anapokanyaga kila siku rangi hulika, chuma kikaanza kung'aa, nikasugua hapo kwa risasi ya penseli. Moshi wa injini hulalia mkia, nikakwangua masizi ya sufuria nikayapaka kwa pamba, yeye akiniambia punguza, punguza, hiyo haijaungua. Mafuta huvuja chini ya tumbo na kuacha mchirizi. Udongo nilichukua wa hapo nje, nikauchuja kwa soksi ya nailoni, nikaupaka chini ambako helikopta inagusa ardhi.

Miezi minane tulikaa pale mezani. Sikuwahi kuzungumza na Baba kiasi kile, hata kabla sijaolewa. Aliniambia juu ya rafiki yake aliyekatwa vidole viwili, na juu ya hofu aliyokuwa nayo kila helikopta aliyoifunga yeye inapopaa, kwamba huenda amesahau kukaza nati moja. Alisema hakuwahi kumwambia mama.

Mwisho yalibaki mapanga ya juu, yale yanayozunguka. Kwenye sanduku yalikuja yamenyooka kama rula. Nilikuwa nimeshayapaka gundi tayari kuyabandika, akanizuia.

"Panga likisimama linainama. Lina uzito. Hilo lililonyooka ni la picha ya watoto."

Nikachemsha maji, nikayaacha yapoe kidogo, nikaloweka panga moja na kulikunja taratibu kwa kidole gumba. La kwanza likainama kupita kiasi, nikarudia. Nilipoyafunga yote, yakaning'inia kidogo kwenye ncha, sawasawa kila upande. Ile plastiki ikawa na uzito. Ilikuwa kama imetua sasa hivi na injini imezimwa.

Baba aliinamisha kichwa mpaka macho yakawa sawa na meza.

"Mura," alisema. "Mura wangu."

Mura ni neno ambalo sisi Wakurya humwitia kijana wa kiume aliyekwisha kuwa mtu kamili. Mwanamke haitwi hivyo. Nililibeba neno lile wiki nzima. Nikishona sare za shule nilijikuta natabasamu peke yangu. Nina zaidi ya miaka arobaini, na neno moja lilinifanya hivyo.

Kaka alikuja mwezi uliofuata kwa ibada ya shukrani. Kanisa lilitaka kumshukuru Mungu kwa ajili ya Baba kupona, ingawa kupona kwenyewe kulikuwa nusu. Walikuja wazee wa kanisa, majirani, na wastaafu watatu waliotumika naye jeshini. Helikopta iliwekwa juu ya meza mbele ya Baba, imefunikwa kitambaa cheupe nilichokidarizi mimi. Nilikuwa nimevaa gauni jipya. Nilijua atasema nani aliiunda. Alikuwa ameniambia asubuhi, nikimfunga vifungo vya shati, "Leo watu wataona kazi."

Baada ya sala Baba alisaidiwa kusimama. Nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Aliondoa kitambaa, watu wakasogea, na mmoja wa wale wastaafu akatoa miwani mfukoni.

"Hii," Baba alisema kwa ule ulimi wake mzito, "ameniundia mura wangu."

Niliweka sinia chini. Nakumbuka hilo vizuri, niliinama nikaliweka chini ili mikono iwe mitupu. Nilipoinuka, kaka alikuwa amekwisha kusimama karibu na kiti cha Baba, naye Baba alikuwa amemshika mkono. Watu walipiga makofi. Kaka alinitazama mara moja, kisha akatazama chini kama mtu mnyenyekevu anayesifiwa.

Mstaafu mwenye miwani alikuwa anaizunguka ile meza. "Mpaka mapanga yameinama," alisema. "Umejuaje mambo haya, kijana?"

"Ni uvumilivu tu, mzee," kaka alisema.

Nilichukua sinia langu nikaenda jikoni. Wanawake walikuwa wanapakua nyama, wakanipa mwiko nisonge ugali wa pili, nikasonga. Hakuna aliyeona kitu, kwa sababu machozi jikoni yana sababu nyingi.

Kaka aliondoka siku hiyohiyo, na helikopta aliipakia kwenye gari, kiti cha nyuma, imezungushiwa blanketi la Baba. Baba ndiye aliyemwambia aichukue.

Nilingoja mpaka asubuhi. Nilimuogesha, nikamvalisha, nikamkalisha pale mezani penye dirisha, nikakaa mbele yake.

"Tata, jana ulisema nani aliiunda?"

Aligeukia dirisha.

"Ningewaambia nini wale watu?" alisema. "Kwamba binti yangu aliyerudi kutoka kwa mume anashinda hapa na mimi tunabandika midoli?"

"Ungewaambia hivyo."

"Nilikuwa nakulinda na midomo."

"Na yeye ulikuwa unamlinda na nini?"

Akasema sanduku lilikuwa la kaka yangu. Alisema hivyo mara mbili, kama mtu anayeonyesha hati. Nikainuka nikaenda kukamua, na ng'ombe akanipiga teke kwa sababu mikono yangu ilikuwa migumu.

Sikugombana naye tena. Nilimpikia, nilimuogesha, nilimpa dawa zake. Nilichoacha ni kukaa mezani kwake. Cherehani niliihamishia barazani, upande mwingine wa nyumba, nikasema huko kuna hewa.

Sanduku la pili lilifika baada ya miezi michache. Kaka alifurahia sifa, nadhani, au labda alitaka kumfurahisha mzee kweli, sijui. Hii ilikuwa helikopta kubwa zaidi, ya kubeba mizigo. Baba alinisubiri siku ya kwanza. Alipanga zile fremu mezani, wembe, gundi, kibano, kila kitu mahali pake. Nilipompelekea chai aliniambia, "Tuanze na viti?"

"Nina sare thelathini za kumaliza," nilisema.

Siku ya pili alisema anangoja nimalize. Nikamaliza, nikachukua nyingine. Siku ya tatu, au ya nne, nilisikia kitu kinaanguka chumbani, nikachungulia. Alikuwa ameanza peke yake. Alibana fremu kwa ule mkono uliolala, akajaribu kukata kipande kwa ule unaotetemeka. Kipande kiliruka kikaanguka sakafuni. Aliinama kukitafuta, hakukiona. Mimi nilikiona. Kilikuwa karibu na mguu wa kitanda. Nikarudi barazani.

Alifanya hivyo majuma sita. Alijikata, akajifunga kitambaa mwenyewe. Gundi ilimganda vidoleni nikaitoa kwa mafuta ya taa, mkono wake mkononi mwangu ukitetemeka kama kifaranga. Aliniangalia. Alitaka niseme neno, au alitaka kulisema yeye. Nilikuwa nasubiri aanze. Nilisema moyoni, akisema jina langu tu, akisema kwamba ni mimi, nitavuta kiti. Hakusema. Nikamfuta vidole nikaondoka.

Kiharusi cha pili kilimchukua kabla ya mvua za masika. Alikuwa amebandika ubavu mmoja, magurudumu mawili, na kioo cha mbele alichokibandika kinyume.

Msibani kaka alisoma wasifu wa marehemu. Alisoma kwamba baba yetu alikuwa mtu wa mikono, na kwamba mpaka siku za mwisho walikuwa wakiunda ndege pamoja, baba na mwana. Sauti ilimkatika hapo, na alilia kweli. Niliwaza huenda ameshaamini. Mimi jina langu lilisomwa kwenye orodha ya watoto, la mwisho, ingawa ndimi mkubwa.

Baada ya siku za matanga alikuja chumbani kwa Baba. Nilikuwa nakunja mashuka. Akaikuta ile iliyobaki nusu mezani.

"Hii nayo nitaichukua," alisema. "Wewe si unajua mambo haya? Nimalizie kwanza, nitaipitia Pasaka."

Alisema hivyo kwa upole, bila kuona ajabu yoyote. Hatukuwahi kulizungumza jambo lile. Pale ndipo nilipojua kwamba alikuwa anakumbuka vizuri tu nani aliiunda ile ya kwanza.

"Hapana," nikamwambia.

"Hapana nini? Hutamalizia, au nisiichukue?"

"Vyote viwili."

Alisimama kidogo, akatazama saa yake, akasema ana safari ndefu. Alipoondoka niliendelea kukunja mashuka.

Ipo hapa mpaka leo, juu ya kabati la vitambaa. Wateja wakisubiri gauni huiangalia, huuliza ni kitu gani na nani aliyeitengeneza vibaya hivyo. Nawaambia ni helikopta, ameitengeneza baba yangu, peke yake. Wengine hucheka. Siwakatazi. Yupo mmoja aliyeniuliza kwa nini hakuna mtu aliyemsaidia mzee mgonjwa hata kumwekea kioo sawa. Nilimpima kiuno, nikaandika namba, nikamwambia aje Ijumaa.