Chumvi Ndani ya Losheni

Mtaani wanamwita Mama Povu, maana sabuni yake ya maji ikigusa sufuria, povu linapanda mpaka kwenye kiwiko. Sabuni ikitoka nyepesi anatia chumvi, anakoroga, inakuwa nzito. Kazi hiyo anaifanya hata akiwa amefumba macho.

Lakini alichoka kuwa mtu wa kuoshea vyombo tu. Akataka losheni, tena ikae kwenye rafu ya mbele ya saluni ya wifi yake. Wifi hakumung'unya maneno. "Nakupenda, wifi, ila kitu kibovu siweki. Ijumaa lete nione."

Losheni si sabuni. Mafuta na maji ni kama koo mbili zenye ugomvi, ukigeuka tu kila moja imeshika njia yake. Anayewaweka pamoja ni nta maalumu. Upande mmoja inapenda maji, upande wa pili inapenda mafuta, basi inasimama mpakani na kulivika kila tone la mafuta ngozi nyembamba. Mshenga hasa.

Akayeyusha nta kwenye mafuta, akamimina maji ya moto, akakoroga mpaka bega likauma. Ikatoka nyeupe, nzuri, ila nyepesi. Mkono ukaenda wenyewe kwenye chumvi.

Asubuhi maji yako chini, mafuta yako juu. Mumewe akachungulia ndoo.

"Mke wangu, hii ndoa haikumaliza hata usiku mmoja."

"Cheka. Ukimaliza niletee vikombe viwili."

Wengine wangelaumu nta, au jicho la jirani. Yeye akapika upya kidogo, akagawa: kikombe kimoja akatia chumvi, cha pili akakiacha. Cha chumvi kikakatika, mafuta yakajitenga na maji; cha pili kikatulia. Kumbe matone yaliyovikwa nta husukumana, ndiyo maana hayaungani. Chumvi inaua ule msukumo, yanagongana, yanaungana, mafuta yanapanda juu. Kinachonenepesha sabuni ndicho kinachoua losheni. Akaongeza nta ili inenepe, chumvi akaifungia kabatini.

Ijumaa wifi alipindua kopo, akalitikisa, akajipaka, akanusa mkono.

"Umeitengeneza mwenyewe?"

"Kwani nina kiwanda?"

Wifi akamgeukia mteja aliyekaa chini ya rafu. "Dada, samahani, inama kidogo. Nahamisha haya makopo ya dukani, nipange ya wifi yangu."