Mwezi Niliouchora Bila Kuuona

Ukungu wa Julai pale Nyeri hauna huruma. Unaingia jioni, unalala juu ya paa, na asubuhi bado uko. Hata hivyo mkufunzi wetu wa sayansi katika chuo cha ualimu alituagiza tuuangalie mwezi kila usiku kwa wiki nne, tuuchore kwenye daftari, na tuonyeshe sayari ya Mirihi iko upande gani. Daftari hilo lilikuwa sehemu ya mtihani wa mwisho. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, na mimi sikuweza kumudu kuanguka. Mama alikuwa peke yake Kangema akichuma majani chai, mgongo umekwisha, akingoja niajiriwe apumzike.

Usiku wa kwanza nilisimama nje ya bweni hadi meno yakagongana. Wa pili pia. Wa kumi nililia, nasema bila aibu. Rafiki yangu wa kitanda cha jirani aliandika "mawingu, sikuona" kila siku, nikamcheka kwamba atapata sifuri. Mimi mjanja nilinakili viduara vya mwezi kutoka kalenda ya duka iliyokuwa ukutani, hadi Ijumaa ya mwisho: mwezi mpevu, saa nne u nusu usiku, mweupe pe. Kando yake Mirihi, kwa kalamu nyekundu.

Jumatatu mkufunzi aliniita, akafungua ukurasa wa Ijumaa.

"Mwezi uliuona hivi?"

"Niliuona, mwalimu. Kwa macho yangu."

Aligeuza daftari linielekee. Nadhani alikuwa akinipa nafasi, nami sikuichukua. Ndipo akaniambia kwamba Ijumaa alilala Nanyuki, upande mkavu wa mlima ambako hakukuwa na wingu, na saa hiyohiyo mwezi ulikuwa umepatwa wote, mwekundu kama udongo wa kwetu, watu wamejaa barabarani wakiushangaa. Kalenda ya duka haikusema neno juu ya hilo.

Nilimwomba. Nilipiga magoti kwenye saruji, nikamtajia mama na mgongo wake. Akafunga daftari.

"Ungeandika mawingu tu," akasema.

Rafiki yangu alipita. Mimi nilifika Kangema na sanduku langu bila cheti, nikamkuta mama katikati ya majani chai, kikapu mgongoni. Hakunigombeza. Aliuliza tu ni somo gani limeniangusha. Nikamwambia ni hesabu.