Karanga Zilizoloweshwa

Katika safari zangu zote, mwanangu, siku ninayoikumbuka vizuri zaidi ni ile tuliyoingia Mpwapwa tukiwa na vumbi hadi kwenye kope. Tulitoka Tunduma alfajiri, tukalala Iringa, kesho yake tukashika barabara ya Dodoma. Nilikuwa na mke wangu, binti yetu Neema aliyekuwa darasa la nne, na mdogo wake Daudi ambaye shule alikuwa bado hajaanza. Mizigo yetu ilikuwa godoro, masanduku mawili na boksi la spana, maana mimi ni fundi wa mashine za kusaga nafaka.

Basi lilipita juu ya bwawa la Mtera mchana. Nikaona maji mengi kuliko nilivyotegemea katika nchi kavu namna ile, na boti za wavuvi zenye mashine nyuma. Nikamwambia mke wangu, "Hapa nitakuja kufanya kazi siku moja."

Akanitazama. "Hata huko tunakokwenda hatujafika, Baba Neema."

Tulilala Nkuhungu, pale Dodoma mjini, kwa rafiki yangu, na asubuhi tukapanda gari dogo la Mpwapwa. Mtu aliyeniita kule alikuwa na mashine ya kusaga iliyowashinda mafundi wengine. Nilidhani nitaitengeneza, nizitengeneze na za majirani zake, nikae mwaka mmoja, tusogee mbele. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipomaliza kidato cha nne kwetu Korogwe. Nimekaa Makambako, nimekaa Singida, nimekaa Tunduma, na kila mahali nilipokaa nilikuwa napakumbuka nilipotoka huku nikipatamani ninapokwenda. Kuna watu tumeumbwa hivyo. Sikwambii ni dhambi. Nakwambia tu kwamba mtu wa namna hiyo akiwa na watoto, lazima ajifunze jambo ambalo wenzake hawalazimiki kujifunza.

Tulipanga vyumba viwili kwa Bibi Nyemo, mama wa Kigogo aliyebaki peke yake kwenye nyumba kubwa baada ya wanawe kuhamia mjini Dodoma. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa, na kanisani aliimba kuwashinda wanakwaya wenyewe. Hakuwahi kuniita jina. Aliniita fundi, na akikasirika aliniita wewe fundi.

Mwaka wa kwanza ulipita, wa pili nao ukapita. Nilishangaa mwenyewe. Bibi Nyemo alitupa kipande cha shamba nyuma ya nyumba yake, tukapanda karanga na uwele. Mke wangu alijifunza kupika mlenda wa kukausha mpaka wanawake wa pale wakamsifu. Daudi alianza shule, na akawa anaongea Kigogo na wenzake mbele yetu ili tusimwelewe.

Miezi niliyoipenda kule ni ile ya baada ya mavuno, baridi inapoingia na upepo unasukuma vumbi kutoka asubuhi mpaka jioni. Watoto walikwenda shule na masweta yao yaliyopauka, wakarudi na midomo iliyokauka kwa upepo. Mashine za kusaga zilinguruma mtaa mzima, na mimi nilikuwa na kazi tele. Jioni nikirudi, tulikaa uani kwenye mkeka, tukamenya karanga. Mke wangu alikaanga kidogo kwenye chungu, nyingine zikaenda kwenye debe. Daudi alikula nyingi kuliko alizomenya, na dada yake akawa anamchokoza.

"Daudi, debe liko huku. Hilo ni tumbo."

"Naonja kama ni nzuri."

"Tangu juzi unaonja?"

Pale mkekani ndipo nilipojua mambo yao. Mikono ikiwa na kazi, mdomo wa mtoto hufunguka. Nilijua nani kapigana na nani, mwalimu gani anapenda kuchapa, na kwamba Neema, aliyekuwa sasa darasa la saba, anataka kusomea uuguzi. Usoni mwangu asingeniambia. Aliziambia karanga, mimi nikasikia.

Sasa nikuambie habari ya kiroba. Kule, karanga za mbegu hazimenywi wakati wa mavuno. Unachagua maganda yaliyojaa vizuri, unayatia kwenye kiroba, unakining'iniza mahali pakavu, na hakiguswi mpaka mawingu ya mvua yaanze kukusanyika. Karanga ya mbegu inalala ndani ya ganda lake. Chetu Bibi Nyemo alikichagua mwenyewe, ganda moja moja, akimwonyesha Daudi lipi lipite na lipi likataliwe, kisha akakifunga juu ya boriti ya jiko.

Mwaka ule Neema yuko darasa la saba, mtu mmoja wa Mtera alinipigia simu. Alikuwa na boti kadhaa, mashine zake zinakufa ovyo, akasema njoo haraka, nyumba ipo. Mwanangu, usingizi ulinipotea. Niliyaona yale maji tena kama siku ile ya basi. Nikamwambia mke wangu.

Hakubishana. Aliuliza, "Na mtihani wa Neema?"

"Atarudi kuufanya. Siku mbili tu."

"Haya. Basi kawaambie wanao."

"Waambie wewe, unajua kuongea nao."

"Thubutu! Za Singida niliwaambia mimi. Za Tunduma nikawaambia mimi. Hii ni safari yako, na mdomo unao."

Nikasema nitawaambia Jumapili. Jumapili ikaja, Daudi alikuwa na mafua. Nikasema baada ya mafua. Kisha nikasema tumalize karanga kwanza. Lori la kutuchukua lilikuwa limeshapangwa, na mimi nilikuwa bado natafuta siku nzuri.

Jioni moja nilirudi mapema. Debe lilikuwa karibu kujaa, maganda yaliyobaki ni ya kumaliza kesho. Nikatazama juu ya boriti, nikakiona kile kiroba. Nikafikiri, hiki nacho tukiache kwa nani? Nikakishusha, nikakikung'uta chote ndani ya beseni.

Daudi akaacha kutafuna. "Baba, hizo za mbegu."

"Najua. Menyeni tu."

"Bibi kasema hazimenywi mpaka mawingu."

"Menyeni, nimesema."

Maganda yale yalikuwa makavu na magumu, vidole vinauma. Wako watu ambao wakiwa na haraka huyamwagia maji ili yalainike. Hufanya hivyo kwa karanga za kuuza, na wenye akili hawafanyi hata kwa hizo, maana zinaota ukungu. Kwa mbegu hafanyi mtu yeyote. Mimi nilichota maji kwenye ndoo kwa kopo, nikamwaga juu ya beseni lile, nikachanganya kwa mkono.

Neema alikuwa na ganda mkononi. Hakulivunja. Aliyatazama yale maji yakizama katikati ya maganda, kisha akanitazama.

"Tunahama," akasema.

Hakuuliza. Alisema kama mtu anayesoma ubaoni. Daudi akamtazama dada yake, akanitazama mimi, akamtazama mama yake aliyekuwa mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Mke wangu akarudi kwenye chungu chake. Alikuwa ameshasema hatanisaidia.

"Nilikuwa nataka kuwaambia," nikasema.

"Lini?"

"Siku hizi hizi."

"Na mtihani, baba?"

"Utarudi kuufanya."

"Nitalala kwa nani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria, mwanangu. Nilikuwa nimefikiria spana, lori, aina za mashine za boti, hata rangi ya nyumba ya kule. Mahali pa kulala binti yangu usiku wa kuamkia mtihani sikupafikiria. Neema aliliweka lile ganda pembeni ya beseni, taratibu, akaingia ndani. Daudi akaanza kulia, na kilichomliza kwanza zilikuwa karanga: "Bibi atasema mimi ndiye nimezitoa!"

Bibi Nyemo akasikia kilio, akatoka kwake na khanga begani. Hakuuliza mtoto ana nini. Alitumbukiza mkono kwenye beseni, akautoa umelowa.

"Yaya gwe!" akasema, kama Wagogo wanavyosema jambo likiwazidi. "Wewe fundi. Unakwenda wapi?"

Hakuniuliza kwa nini nimezilowesha. Alijua kwamba mtu anayekusudia kupanda hawezi kufanya vile.

"Mtera, mama."

"Lini?"

"Wiki ijayo."

"Na hawa wamejua lini?"

Daudi akanijibia huku kamasi zikimtoka: "Sasa hivi."

Bibi Nyemo akakaa kwenye mkeka. Nilidhani atapiga kelele. Akaongea kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Baba wa watoto wangu alikuwa mtu wa ng'ombe. Kila kiangazi anahama nao kufuata majani, mimi nabaki na watoto. Miguu yake ilikuwa haitulii, kama wewe. Lakini kabla hajatoka, anawaita wote, hata wa mgongoni. Anawaambia nakwenda pale, nitanywesha pale, nitarudi mvua ikinyesha namna hii. Mwingine hajui hata kuongea, anaambiwa. Akishaondoka, watoto wanakaa wanacheza, hawana shida. Wanajua alipo. Wewe, safari sikukatazi. Mimi ni nani? Lakini umeziambia karanga kabla ya kuwaambia watoto wako."

Akainuka, akajipangusa mkono kwenye khanga. "Na zile zilikuwa za Daudi. Tulichagua naye."

Nilizianika siku iliyofuata, lakini jua la kipupwe kule lina upepo mwingi na joto kidogo, na zilikuwa zimeshakunywa maji. Zikaota ukungu. Bibi Nyemo akasema haziliwi, na kuku wasipewe. Nikachimba shimo nyuma ya choo, nikazifukia mwenyewe, watoto wakiwa wamesimama wanatazama. Neema alikuwa hajaongea nami tangu ile jioni zaidi ya shikamoo na ndiyo. Nikiwa bado na jembe mkononi nikamwambia, "Hatuendi mpaka umalize."

"Unasema tu," akajibu.

Nikatoa simu mfukoni, nikampigia mtu wa Mtera palepale shimoni, nao wakinisikia. Alinitukana kidogo, akasema atatafuta mwingine, na akampata. Roho iliniuma, sikufichi. Iliniuma muda mrefu. Nilikuwa nikisikia gari la Dodoma likipiga honi asubuhi, najigeuza kitandani.

Neema alifanya mtihani wake akitokea kwenye kitanda chake, akafaulu, akaanza sekondari. Mawingu yalipokusanyika nilikwenda kwa Bibi Nyemo kumwomba mbegu.

"Nilishakupa," akasema.

Nikamtuma Daudi. Akarudi na bakuli limejaa, anacheka. "Bibi kasema hizi ni zangu. Kasema wewe ni kibarua wangu, ukichelewa shambani nikufukuze."

Nikalima shamba la Daudi. Msimu huo na mwingine baada yake. Alinisimamia vizuri.

Hamu ya kuondoka haikunitoka. Mtu haponi kwa kukemewa mara moja. Lakini iliporudi, nikiwa nimeitwa tena Mtera, nilisubiri tukae mkekani, karanga zikiwa kavu na beseni halina maji, nikasema wazi. Nikasema, baada ya mavuno ya mwakani nataka tuhamie Mtera, na nyumba ya pale iko hivi, na shule ya Daudi iko umbali huu. Neema alikuwa na mwaka mzima wa kufikiri. Akasema atabaki Mpwapwa, akae bweni la shule yake, na likizo fupi atazimalizia kwa Bibi. Mama yake alilia. Mimi nililia baadaye. Lakini hakuna aliyeshtuka, na Daudi alipata muda wa kuwaaga rafiki zake mpaka wakamchoka.

Siku niliyoondoka Mpwapwa kabisa ilikuwa ya upepo na vumbi, kama niliyofika. Lori lilipopakiwa, Neema alikuja na sare zake kutoka bweni, akamrekebishia mdogo wake kola ya sweta. Bibi Nyemo alitoka na kiroba kilichofungwa kwa kamba ya katani, akanipita bila kuniangalia, akampa Daudi pamoja na salamu ya Kigogo.

"Mbukwa, mwanangu. Usimpe huyu fundi akushikie."

"Mama, na mimi niage," nikasema.

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Wewe umeaga mwaka mzima. Nenda."

Daudi alikipakata kiroba mapajani, na kila lori liliporuka kwenye shimo alikikumbatia. Tulipoipita njia panda akaniuliza, "Baba, huko tutapanda?" Nikamwambia tutapanda. Akaegemea dirisha, akalala.

Basi, mwanangu, ninachokushauri ni kidogo, na wewe huenda huna miguu ya kutangatanga kama yangu. Mambo makubwa ya nyumba yako, kuhama, kuumwa, kazi kuisha, wanao wayasikie kutoka mdomoni mwako, mapema, hata kama sauti inatetemeka. Usingoje siku nzuri ya kuwaambia. Mimi niliingoja na haikuja. Mtoto anaweza kuvumilia safari ndefu akijua inakokwenda. Asichokiweza ni kuigundua mwenyewe kwa kutazama mikono ya baba yake.

Mungu akulindie nyumba yako. Mvua ikija, ikukute una mbegu kavu, na wanao wakijua watakuwa wapi siku ya kuipanda.